JE, MOTO UNAUA ASBESTO? SOMA KABLA HUJASHIKA UFAGIO

  Leo hatutazungumzia presha wala kisukari kama tulivyozoea. Tutazungumzia vumbi, na hasa vumbi linalobaki baada ya jengo kuungua.

Wiki chache zilizopita nilipigiwa simu usiku na kijana wetu mmoja anayeishi hapa Uingereza, mtu wa Tanga, ambaye jina lake naliweka kapuni. Kama wengi wetu tulivyoanza, anabeba boksi: leo ghalani, kesho usafi, keshokutwa kubomoa.

"Shikamoo kaka, samahani kwa kukusumbua usiku," aliniambia. "Nimepata kibarua cha siku nne. Tunakwenda kusafisha gereji kubwa iliyoungua. Paa lake lilikuwa la zile shiti za zamani za asbesto. Nilimuuliza msimamizi, akasema nisiwe na wasiwasi, moto umeshaua kila kitu, lililobaki ni jivu tu la kufagia. Ni kweli kaka, moto unaua asbesto?"

Nilimuuliza watapewa vifaa gani. Akasema ufagio, sepetu na maski ya karatasi.

Ndugu msomaji, swali la kijana huyu ni zuri na linastahili jibu kamili, kwa sababu yule msimamizi hakutunga uongo mtupu. Alisema nusu ya ukweli. Joto kali kweli linaibadilisha asbesto, tena linaigeuza kuwa kitu kingine kabisa. Lakini nusu aliyoiacha ndiyo inayoweza kumpeleka mtu kaburini miaka thelathini baadaye. Tuzitazame nusu zote mbili.

ASBESTO NI KITU GANI?

Asbesto haikutengenezwa kiwandani. Ni jina la jumla la madini sita yanayochimbwa ardhini. Mawe mengine ukiyaponda unapata kokoto na mchanga, lakini haya huchambuka kuwa nyuzinyuzi laini, kama katani au pamba. Matatu ndiyo yaliyotumika zaidi majumbani na viwandani: asbesto nyeupe, ambayo wataalamu huiita krisotaili, asbesto ya kahawia, yaani amosaiti, na asbesto ya buluu, yaani krosidolaiti.

Watu waliipenda kwa sababu haishiki moto. Marco Polo, yule msafiri wa Venice wa karne ya 13, alisimulia habari za kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zilizotoka mwambani, ambacho kikichafuka hutiwa motoni na kutoka cheupe. Karne ya 20 ikaja ikaiweka kila mahali: mapaa ya gereji na vibanda, mabomba, boila, mbao za kuzuia moto, vigae vya sakafuni, hata ile plasta ya mapambo yenye mikwaruzo ya darini inayoitwa Artex.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, kisha nyeupe mwaka 1999. Huko Marekani, ilikuwa Machi 2024 ndipo serikali ilipotangaza marufuku ya krisotaili iliyokuwa bado inatumika. Lakini marufuku haiondoi iliyokwisha kujengwa. Hapa Uingereza jengo lolote lililojengwa au kukarabatiwa kabla ya mwaka 2000 linachukuliwa kwamba huenda lina asbesto. Na nyumba tunazopanga sisi, na majengo tunayopelekwa kubomoa, mengi ni ya umri huo.

Ubaya wake uko kwenye umbo. Nyuzinyuzi hizi ni nyembamba mno, hazionekani kwa macho, hazina harufu, na hazikufanyi ukohoe siku hiyo hiyo. Zikivutwa zinapenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hukaa humo kwa miaka mingi. Matokeo yake ni mapafu kujaa makovu na kukakamaa, ugonjwa unaoitwa asbestosisi. Au saratani ya mapafu. Au mesothelioma, ambayo ni saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Kwa kawaida magonjwa haya hujitokeza kati ya miaka 15 na 60 baada ya mtu kuvuta vumbi hilo. Hapa Uingereza yanaua watu wapatao 5,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa mafundi na vibarua wa miaka ya nyuma.

MOTO UNAFANYA NINI NDANI YA MADINI HAYA?

Hapa nakuomba uvumilie kidogo, maana ndipo penye jibu.

Chukua asbesto nyeupe. Ndani yake kuna tabaka mbili zilizogandana, moja ya silika na nyingine ya magnesiamu. Tabaka ya magnesiamu ni kubwa kidogo kuliko mwenzake, kwa hiyo zikigandana haziwezi kulala bapa. Zinajikunja kama mkeka unavyokunjwa baada ya wageni kuondoka, mpaka zinakuwa mrija. Mrija huo ni mwembamba kiasi kwamba ukipanga elfu moja ubavu kwa ubavu bado hujafikia unene wa unywele mmoja wa kichwa chako.

Katika jiwe hilo kuna maji yaliyofungwa. Si maji ya kuloanisha mkono. Ni oksijeni na haidrojeni zilizoshikamana na magnesiamu kama sehemu ya jiwe lenyewe, na hutoka kama mvuke pale tu joto linapokuwa kali. Katika kila kilo 100 za krisotaili, kilo 13 hivi ni maji hayo. Ndiyo yanayolishikilia jengo lote.

Sasa tuiweke motoni, hatua kwa hatua.

Maji ya chai yanachemka kwa digrii 100 za sentigredi, na oveni ya jikoni kwako inafika kama digrii 250. Katika joto hilo krisotaili haibadiliki chochote. Ikifika digrii 500 na kitu, maji yaliyofungwa yanaanza kuachia na kutoka. Ikikaa kwenye digrii 700 hadi 750 kwa muda wa kutosha, karibu yote yametoka na muundo wa ndani umebomoka. Ikizidi digrii 800, vile vipande vilivyobaki vinajipanga upya na kuwa madini mengine yanayoitwa forsteraiti. Joto likipanda kupita 1,000, hutokea na mengine yanayoitwa enstataiti. Haya si asbesto tena, na hata ukiyapoza hayarudi kuwa asbesto.

Wafinyanzi wetu wanalijua jambo hili bila kwenda maabara. Udongo wa mfinyanzi nao una maji yaliyofungwa ndani, mbali na yale unayokandia. Ukiuanika juani tu, ukimwagia maji unarudi kuwa tope. Ukiuchoma ukaiva, maji ya ndani yametoka, na chungu hakiwi tope tena hata ukilowekee mwaka mzima. Krisotaili iliyoiva vizuri ni vivyo hivyo.

Asbesto ya kahawia na ya buluu ni ngumu zaidi. Zenyewe hazina umbo la mkeka uliokunjwa. Zimejengwa kama minyororo iliyolala kwa urefu, maji yake ni machache, kama sehemu 2 tu katika 100, na zina chuma kingi. Zikipata joto la digrii mia tatu na zaidi penye hewa, chuma hicho huanza kushika oksijeni, na rangi hubadilika. Lakini minyororo yenyewe huvunjika kabisa mpaka joto lifike digrii 800 hadi 1,000 au kupita.

Kwa hiyo ndiyo, joto linaweza kuimaliza asbesto. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa makusudi. Huko Morcenx, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kulijengwa kiwanda cha kuyeyusha taka za asbesto kwa tochi za plasma, kwa joto linalozidi digrii 1,400, mpaka zinakuwa kama kioo cheusi kinachoweza kutumika kujengea barabara. Lakini hiyo ni tanuri iliyofungwa, joto lake linapimwa, na hewa inayotoka inachujwa. Gereji iliyoungua si tanuri.

KWA NINI BASI HUWEZI KULIAMINI JIVU?

Kwanza, moto wa jengo hauivishi kila kitu sawasawa. Chumba kinachowaka kweli kinaweza kufika digrii 600 hadi 1,000. Lakini hiyo ni karibu na dari, penye mwale, na kwa dakika fulani tu kabla ya zimamoto kumwaga maji. Pembeni na sakafuni joto ni dogo. Umeshaona chungu kisichoiva: nje chekundu, ukikivunja katikati cheusi. Paa la gereji iliyoungua ni kama kuvunjiwa vyungu mia moja mbele yako, vingine vimeiva na vingine havijaiva, halafu uambiwe vyote ni sawa.

Pili, shiti za saruji hupasuka kabla hazijaiva. Katika shiti hizi asbesto huwa kama sehemu 10 hadi 15 katika 100, iliyobaki ni saruji. Saruji nayo ina maji ndani. Moto ukiibana, maji yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, na shiti inalipuka kwa kishindo. Watu walioona paa kama hilo likiungua husema ilikuwa kama fataki. Vipande hurushwa mbali, hadi kwenye bustani na magari ya majirani. Kipande kilichorushwa dakika za mwanzo hakikukaa motoni hata kidogo. Kimevunjika tu, na pale kilipovunjika nyuzinyuzi zimechomoza.

Tatu, umbo linabaki. Hili ndilo linalowachanganya wengi. Hata krisotaili iliyogeuka kabisa kuwa forsteraiti, mara nyingi bado ina sura ya uzi, kama vile chungu kinavyobaki na alama za vidole vya mfinyanzi hata baada ya kuchomwa. Kwa macho huwezi kutofautisha uzi ulioiva na uzi mbichi. Tena shiti iliyopitiwa na moto huwa dhaifu. Ukiikanyaga au kuigonga kwa sepetu inavunjikavunjika na kutoa vumbi jingi kuliko ilipokuwa nzima.

Nne, rangi inadanganya. Nimekwambia kwamba chuma kikipata joto rangi hubadilika. Asbesto ya buluu iliyopashwa moto inaweza kupoteza ubuluu wake na kuonekana ya kijivu au ya kahawia, huku nyuzinyuzi zake zikiwa bado ni hatari. Hata wachunguzi wa maabara wanatahadharishwa kuhusu jambo hili, maana sampuli iliyoungua haionekani kwenye hadubini kama kawaida. Ikiwa mtaalamu mwenye hadubini anahitaji kuwa makini, msimamizi mwenye haraka ya kumaliza kazi amejuaje kwa kutupa jicho tu?

Kwa haki, niseme na upande wa pili. Nyuzinyuzi nyingi za shiti za saruji hubaki zimeshikwa na saruji, na mtu aliyepita tu karibu na moto wa namna hiyo hatari yake ni ndogo. Huna haja ya kuhama mtaa. Hatari inakua kwa yule anayefagia, anayevunja, anayebeba, siku baada ya siku. Na huyo, ndugu msomaji, mara nyingi ni mimi na wewe.

TABIA YETU YA KUCHOMA TAKA

Kwetu taka huchomwa. Majani, maboksi, nguo kuukuu, vyote vinakusanywa nyuma ya nyumba na kiberiti kinawashwa. Ni tabia tuliyokua nayo. Sasa kuna ndugu zetu wamenunua au kupanga nyumba zenye kibanda cha zamani uani, paa limepasuka, na gharama ya kuliondoa imewatisha. Wazo linalokuja haraka ni kulivunja na kulichoma.

Usifanye hivyo. Moto wa kuni uani hauna joto la kutosha kwa muda wa kutosha, shiti zitalipuka usoni kwako na kwa wanao, na utakuwa umegeuza kitu kilichokuwa kimetulia kuwa vumbi. Kisheria pia utakuwa na kesi ya kujibu, maana asbesto ni taka ya hatari.

Hali kadhalika kwa wanaojenga nyumbani. Huko Afrika Mashariki bado yapo mapaa ya shiti hizi kwenye majengo ya zamani. Rwanda, kwa mfano, imekuwa na mpango wa serikali wa kuyaondoa. Ukimtumia ndugu yako hela ya kubadilisha paa la nyumba ya wazee, mwambie fundi asivunje shiti kwa nyundo, asizikate kwa msumeno, na zisichomwe wala kufanywa uzio wa kuku.

UFANYE NINI?

1. Uliza kabla ya kuanza. Kwa jengo la biashara hapa Uingereza, mwenye dhamana ya jengo anatakiwa kujua asbesto iko wapi na kuwaambia wanaokuja kufanya kazi. Omba kuona ripoti ya uchunguzi. Kama jengo limeungua, uliza: ni nani aliyechukua sampuli baada ya moto, na maabara ilisema nini?

2. Dai mafunzo. Mwajiri hapa Uingereza anatakiwa kisheria kumfundisha mfanyakazi yeyote ambaye kazi yake inaweza kumkutanisha na asbesto. Kazi nyingi za asbesto hatari zaidi hufanywa na makampuni yenye leseni tu.

3. Usifagie kavu, usipulize, na usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi nyumbani. Mashine hiyo inameza vumbi mbele na kulitema nyuma. Wataalamu hulowesha kwanza na hutumia mashine yenye kichujio maalumu.

4. Maski ya karatasi ya dukani haitoshi. Maski ya kazi hii ni ya daraja la FFP3 au zaidi, na inatakiwa ipimwe usoni kwako, maana ndevu au nafasi kidogo shavuni inapitisha vumbi.

5. Usirudi nyumbani na nguo zenye vumbi. Zamani wapo akina mama waliopata mesothelioma bila kukanyaga kiwandani, kwa kufua ovaroli za waume zao. Usikung'ute nguo hizo sebuleni, na usimkumbatie mtoto ukiwa nazo.

6. Kama moto umetokea jirani na vipande vya shiti vimeangukia kwako, usivikusanye kwa mkono. Waweke watoto mbali, funga madirisha ya upande huo, na upigie kaunsili yako. Kama ni nyumba ya kupanga, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi ili uwe na ushahidi.

7. Ukiwa na hofu na kazi unayopewa, Mamlaka ya Afya na Usalama Kazini, inayojulikana kwa herufi HSE, hupokea taarifa, na unaweza kuomba jina lako lisitajwe kwa mwajiri. Walio nchi nyingine waulize mamlaka za kazi za huko. Karibu kila nchi ina utaratibu wake.

NA KAMA UMESHAVUTA?

Najua kuna atakayesoma hapa huku moyo unamdunda, akikumbuka kazi aliyofanya mwaka juzi. Kwanza tulia. Kuvuta mara moja kwa kiasi kidogo hatari yake ni ndogo. Wengi wanaougua ni wale waliovuta kwa miezi na miaka. Pili, kukimbilia eksirei leo hakutakuonyesha kitu, maana madhara huchukua miaka mingi kuonekana.

Unachoweza kufanya ni hiki. Nenda kwa GP wako umweleze ilikuwa lini, wapi, kwa muda gani, na uombe iandikwe kwenye faili lako. Weka na wewe kumbukumbu zako: jina la ejensi, anwani ya jengo, tarehe, majina ya mliokuwa pamoja. Miaka ishirini ijayo karatasi hiyo inaweza kumsaidia daktari wako, na hata kukusaidia kudai fidia. Na kama unavuta sigara, acha. Asbesto na sigara zikikutana katika pafu moja, hatari ya saratani ya mapafu inakuwa kubwa kuliko ukizihesabu kila moja peke yake.

Baadaye pumzi ikianza kuwa fupi bila sababu, au kikohozi hakiishi, au kifua kinauma, usingoje. Mtajie daktari neno asbesto mwenyewe, kwa sababu huenda asifikirie kukuuliza.

YULE KIJANA ALIFANYAJE?

Asubuhi yake alimwandikia msimamizi ujumbe wa simu wa mstari mmoja: naomba kuona ripoti ya asbesto ya jengo hili kabla sijaanza. Hakujibiwa. Mchana ejensi ikampigia kwamba nafasi yake imechukuliwa na mtu mwingine. Siku nne za malipo zikapotea, na mwezi huo kodi alikopa. Alinipigia tena, na sikuwa na cha kumpoza zaidi ya kumwambia amefanya vizuri. Jioni ile ile aliripoti HSE bila kutaja jina lake.

Siku kadhaa baadaye alipita njia ile kwa basi. Gereji ilikuwa imezungushiwa uzio, na ndani kulikuwa na watu waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni, wanamwagia maji vipande vya paa na kuvifunga kwenye mifuko minene. Bango mlangoni lilikuwa na neno ASBESTOS kwa herufi kubwa nyekundu.

Alichoniuliza baada ya hapo ndicho ninachokuachia na wewe. Alisema, "Kaka, yule aliyechukua nafasi yangu alifagia siku ngapi kabla hao hawajafika?" Sikuwa na jibu. Kama unamjua mtu wa kazi hizi, Mswahili au asiye Mswahili, msomee makala haya.